Namna ya kutumia vivumishi vya Kiingereza bila kuvitia wingi

"Bigs houses", "reds pens", "the children are happys". Makosa ya aina hii hujirudia kwenye madaftari ya kidato cha kwanza, kwenye barua za kuomba kazi, na hata kwenye ripoti za ofisini zilizopitiwa na watu watatu. Chanzo chake si uvivu. Anayeyaandika anafuata kanuni sahihi kabisa, ila ni kanuni ya Kiswahili.

Katika Kiswahili wingi huenea sentensi nzima. "Kitabu kikubwa kimepotea" ikiwa zaidi ya kimoja huwa "vitabu vikubwa vimepotea": nomino imebadilika, kivumishi kimebadilika, kitenzi kimebadilika. Aliyezoea upatanisho huo akishaambiwa kwamba wingi wa Kiingereza ni herufi s, ataitafutia hiyo s mahali kwenye kila neno. Kiingereza hakitaki hivyo. Ndani ya kundi nomino, s ya wingi hukaa kwenye nomino, na kivumishi hubaki vilevile kiwe kinasifu kitu kimoja au elfu: "a big house", "a thousand big houses".

Ichunguze sentensi hii: "Viti vile vitatu vikuukuu vya mbao vimevunjika." Kiambishi cha ngeli kimeonekana mara sita. Kwa Kiingereza ni "Those three old wooden chairs are broken." Ukiacha namba yenyewe, wingi umeonekana mahali patatu tu: "those", "chairs" na "are". "Old", "wooden" na "broken" hazijaguswa. Kiti kimoja kingekuwa "That old wooden chair is broken", na maneno hayo matatu yangebaki jinsi yalivyo.

Kichukulie kila kivumishi kama "safi"

Njia ya haraka ya kuizoea kanuni hii tayari unayo kwenye Kiswahili chako. Vivumishi vyetu si vyote vinavyopokea viambishi. "-Kubwa", "-dogo" na "-zuri" hupokea, lakini "safi", "ghali", "rahisi", "hodari", "bora", "muhimu" na "imara", ambavyo vingi vimetoka Kiarabu, havibadiliki. Tunasema shati safi na mashati safi, kiti ghali na viti ghali, mtu hodari na watu hodari. Hakuna anayesema "viti vighali".

Vivumishi vyote vya Kiingereza vina tabia ya "safi". Ukitaka kuandika "new books" na mkono unavutwa kuongeza s kwenye "new", weka "safi" kwanza kichwani: vitabu safi. Neno halikusogea, basi na "new" lisisogee. Kufanya hivi kwa wiki chache kunaweza kukusaidia kuliacha kosa hili.

Kuna hatari moja upande wa pili. Mwanafunzi akishashika kwamba kivumishi hakina s, huanza kuiondoa hata kwenye nomino na kuandika "three red pen". Hilo nalo lina asili yake kwetu. Katika ngeli ya I/ZI nomino haionyeshi wingi: kalamu nyekundu ni moja, kalamu tatu nyekundu ni tatu, na neno "kalamu" halijabadilika. Wingi unaonekana kwenye "yangu" na "zangu", au kwenye kitenzi. Kwa hiyo majina ya vitu vya ngeli hiyo, kama "pen", "house", "table" na "banana", yanahitaji macho zaidi kuliko "book" au "tree". Ukiona namba kubwa kuliko moja, hakikisha nomino imepata s yake kabla hujaangalia kingine chochote.

Hatua za kukagua sentensi

1. Tafuta nomino kuu. Jiulize, kinachozungumziwa hapa ni nini? Katika "two very expensive leather shoes" ni viatu. S iwe kwenye "shoes" peke yake.

2. Rudi nyuma neno kwa neno hadi mwanzo wa kundi hilo. Kila kivumishi unachokutana nacho kiache bila s. Maneno pekee yanayobadilika kwa wingi ni "this" inayokuwa "these" na "that" inayokuwa "those". Hayo ni vionyeshi.

3. Angalia maneno ya idadi. "Many", "few", "several" na "both" hutaka nomino ya wingi. "Each" na "every" hutaka ya umoja, sawa na "kila" yetu: kila kitabu kipya, "every new book".

4. Angalia kitenzi. "The new teachers is" ni kosa, na "the new teachers works" pia ni kosa. S ya kitenzi cha wakati uliopo ni ya mtu mmoja wa nafsi ya tatu, haihusiani na s ya wingi. Ndiyo maana mara nyingi s ikiwa kwenye nomino haipo kwenye kitenzi: "the teacher works", "the teachers work".

5. Kivumishi kikija baada ya "are" au "were", kanuni ni ileile: "The mangoes are ripe", "The roads were bad." Lakini nomino ikikaa mahali hapo hubadilika: "They are teachers." Kama hujui neno ni lipi kati ya hayo mawili, weka "very" mbele yake. "Very ripe" inasemeka, "very teachers" haisemeki. Jaribio hili lina mipaka, kwani vivumishi vya nyenzo kama "wooden" havipendi "very", ila kwa maneno mengi ya kila siku linatosha.

Kivumishi kikitiwa s huweza kugeuka neno jingine

Hapa ndipo kosa linapoacha kuwa la sarufi tu na kuanza kupotosha maana. Vipo vivumishi kadhaa ambavyo vikiwekewa s vinakuwa nomino zenye maana yake. "Good" ni zuri, "goods" ni bidhaa. "New" ni mpya, "news" ni habari. "Rich" ni tajiri, "riches" ni mali nyingi. "Sweet" ni tamu, "sweets" ni peremende. "Short" ni fupi, "shorts" ni kaptula. "Green" ni kijani, "greens" ni mboga za majani. "Valuable" ni cha thamani, "valuables" ni vitu vya thamani ambavyo hoteli hukuomba usiviache chumbani. Mtu aliyeandika "the goods students" ameandika jambo linalokaribia kusomeka kama wanafunzi wa bidhaa.

Tahadhari ya kinyume: "famous", "serious", "dangerous" na "previous" huishia kwa s kiasili. Hiyo si s ya wingi, usiiondoe.

Unapotaka kusema "vyekundu" bila kutaja kitu

Kiswahili kinaruhusu kivumishi kisimame peke yake, kwa kuwa kiambishi kinatosha kuonyesha tunasema nini. Dukani unaulizwa unataka vikombe vipi, unajibu: "Nipe vyekundu." Kiingereza hakina kiambishi cha kubeba kazi hiyo, kwa hiyo huazima "one" kwa kitu kimoja na "ones" kwa vingi: "the red one", "the red ones". S imekaa kwenye "ones", na "red" imebaki bila kitu. "Give me the reds" si jibu la swali hilo. Watu wengi wanaojua kanuni yote iliyotangulia bado huanguka hapa, kwa sababu kwenye Kiswahili chao hakuna neno linalolingana na "ones" la kuwakumbusha.

"Other" ina mtego wa aina hiyohiyo. Ikiwa mbele ya nomino ni kivumishi na haina s: "other teachers". Ikisimama peke yake ni kiwakilishi na hupata s: "Some teachers left, others stayed." Kwa hiyo "others teachers" ni kosa siku zote. "Another" huenda na kitu kimoja, "another teacher".

Maskini na matajiri

Sisi tunasema "watu tajiri", lakini neno likigeuka nomino hupata wingi wake: "matajiri". Kiingereza hufanya kinyume. "The rich" na "the poor", kama "the blind" na "the old", humaanisha kundi zima la watu, havipati s, ila kitenzi chake ni cha wingi: "The poor need good hospitals." Ukiandika "the poor needs" umekosea kitenzi, ukiandika "the poors" umekosea neno. Na umbo hili halitumiki kwa mtu mmoja. Maskini mmoja ni "a poor man" au "a poor woman". "A poor" peke yake haipo.

Majina ya mataifa yana njia mbili. "Kenyan" na "Tanzanian" ni vivumishi na pia ni nomino. Mbele ya nomino nyingine hazina s, "Kenyan runners". Zikisimama kama nomino zinapata, "two Kenyans". Kuandika "the Kenyans runners" ni kutia wingi mara mbili. Majina yanayoishia kwa -ese, -sh na -ch, kama "Chinese", "British" na "French", kwa kawaida hayapati s.

Nomino inayofanya kazi ya kivumishi

Sehemu hii ndiyo inayowasumbua hata waandishi wazuri, na inastahili muda. Kiingereza hupenda kuweka nomino mbele ya nomino nyingine ili iisifu. Nomino hiyo ya mbele ikishachukua kazi ya kivumishi, huacha wingi wake, hata kama tunazungumzia vitu vingi. Duka la viatu ni "shoe shop". Duka la vitabu ni "bookshop". Kituo cha mabasi ni "bus station". Kiswahili kinaweka wingi baada ya "la" na "cha", kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno itakupa "shoes shop", nayo ni kosa.

Vipimo na umri hufuata njia hiyo, na kistari huunganisha namba na kipimo:

mtoto wa miaka mitano: "a five-year-old child"
ndoo ya lita ishirini: "a 20-litre bucket"
mfuko wa kilo hamsini: "a 50-kilo bag"
nyumba ya vyumba vitatu vya kulala: "a three-bedroom house"
noti ya shilingi elfu kumi: "a ten-thousand-shilling note"
mechi ya dakika tisini: "a 90-minute match"

Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano wa Tanzania huitwa kwa Kiingereza "Five Year Development Plan". Miaka ni mitano, lakini "year" haina s kwa sababu inasifu "plan". "Five years plan" inaonekana mara nyingi kwenye nyaraka za miradi, na hiyo ndiyo mojawapo ya alama za kwanza zinazomwonyesha msomaji kwamba andiko halikuhaririwa.

Kipimo kikirudi kwenye kazi ya nomino, s inarudi: "The child is five years old", "The bucket holds 20 litres." Kanuni ya vitendo ni hii: kipimo kikiwa mbele ya kitu kinachopimwa, toa s na weka kistari, kikiwa baada ya kitenzi, rudisha s na toa kistari. Umri nao unaweza kugeuka nomino kamili, na hapo s huenda mwisho wa neno zima: "a class of five-year-olds".

Likizo ya wiki mbili inaandikwa kwa namna mbili, na zisichanganywe: "a two-week holiday", au "two weeks' holiday" yenye ritifaa baada ya s na isiyo na "a" mbele.

Namba zenyewe hufuata tabia hiyo. Ikitanguliwa na namba kamili, "hundred", "thousand" na "million" hazina s: "two hundred students", "three million shillings". S hutokea pale tu idadi isipotajwa na "of" ikafuata: "millions of shillings", kama mamilioni ya shilingi.

Zipo nomino chache zinazobaki na s hata zikiwa mbele, kwa kuwa bila s zina maana nyingine au hazitumiki: "sports teacher", "customs officer", "savings account", "clothes shop". "Man" na "woman" nazo hubadilika pamoja na nomino inayofuata, "a woman doctor" na "women doctors". Wengi siku hizi huepuka tatizo kwa kutumia "female doctors". Orodha hii ni fupi, ikariri, kisha chukulia maneno mengine yote hayana s.

Kivumishi kilichokaa nyuma

Vyeo na maneno ya kisheria yaliyoingia kutoka Kifaransa huweka kivumishi baada ya nomino, kama sisi. Hata hapo s hubaki kwenye nomino: "attorneys general", "secretaries-general", "courts martial". Katika "Wanasheria Wakuu", wanasheria ni "attorneys", na "general" ni "wakuu" isiyo na wingi. Lakini meja jenerali wawili ni "major generals", kwa sababu hapo nomino kuu ni "general".

Kwa nini Kiingereza kikawa hivi

Hakikuwa hivi tangu mwanzo. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, kilikuwa na upatanisho mzito. Nomino ziligawanyika katika jinsi tatu, na kivumishi kilibadilika kufuata jinsi, idadi na kazi ya nomino katika sentensi. Mfalme mwema aliitwa "god cyning", o ikivutwa. Wafalme wema waliitwa "gode cyningas". Ukiwapa kitu wafalme wema, kivumishi kiligeuka tena: "godum cyningum". Mzungumzaji wa Kiswahili angekielewa Kiingereza hicho haraka katika jambo hili kuliko Mwingereza wa leo.

Tofauti ni kwamba viambishi vyetu viko mwanzoni mwa neno, vyao vilikuwa mwishoni, na Kiingereza huweka mkazo mwanzoni mwa maneno yake ya asili. Silabi ya mwisho isiyo na mkazo hudhoofika mdomoni. Miisho -a, -e, -an na -um ikasogeleana hadi ikawa sauti moja hafifu iliyoandikwa -e. Nomino ilikuwa na bahati: mwisho wake -as ulipopoteza nguvu ya irabu, s ilibaki inasikika, kisha ikaenea hadi kwenye nomino ambazo zamani hazikuwa nayo. Wingi wa kawaida wa kivumishi uliishia kwa irabu au kwa n. Vilipodondoka, hakikubaki na kitu cha kuonyesha.

Mchanganyiko wa watu uliongeza kasi. Kuanzia karne ya 9 Waskandinavia walihamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza, wakizungumza lugha ya ukoo mmoja na Kiingereza. Mashina ya maneno yalifanana, miisho ilitofautiana, na kaskazini ndiko miisho ilikodondoka mapema. Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066, Kifaransa kikashika ikulu na mahakama, na maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yanalinda maumbo ya zamani yakapungua. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, bado aliandika "smale foweles" kwa ndege wadogo, ile e ya "smale" ikiwa ni alama ya wingi. Katika karne iliyofuata e hiyo ikanyamaza kabisa.

Kifaransa na Kijerumani, vinavyofundishwa pia katika baadhi ya sekondari zetu, vimehifadhi upatanisho. Kifaransa huandika "grand" kwa kimoja na "grands" kwa vingi. Anayesoma Kifaransa na Kiingereza pamoja ana vishawishi viwili badala ya kimoja, na "differents" na "importants" kwenye insha yake ya Kiingereza kwa kawaida zimetoka huko.

Zoezi

Sahihisha aya hii kabla ya kusoma majibu. Ina makosa tisa.

"Our school has two news buses. They are expensives but very strongs. Last week three hundreds students went on a two-days trip, and the olders ones helped the youngs. Others teachers stayed behind. It was one of the best trip of the year."

Iliyosahihishwa:

"Our school has two new buses. They are expensive but very strong. Last week three hundred students went on a two-day trip, and the older ones helped the younger ones. Other teachers stayed behind. It was one of the best trips of the year."

Saba kati ya hayo yameshaelezwa. "One of the best trips" ina s kwenye nomino kwa sababu safari bora ni nyingi na hii ni mojawapo. Tunavyosema "mmoja wa wanafunzi bora", hatusemi "mmoja wa mwanafunzi bora". La "the youngs" linahitaji uangalifu. Ukiondoa s tu na kuandika "the young", sarufi itakubali lakini maana itahama: utakuwa unazungumzia vijana wote kwa jumla, na si wale wadogo waliokuwa kwenye basi. Kwa hiyo "ones" inahitajika. "Younger" imependekezwa kwa sababu wanalinganishwa na "older" iliyotangulia, na hiyo -er ya kulinganisha nayo haibadiliki kwa wingi.